Usimwombe MCA kompyuta, mwombe mwalimu



Kuna ombi moja ambalo wanasiasa wetu wanalipenda sana: "Mheshimiwa, tusaidie na kompyuta." Wanalipenda kwa sababu kulijibu ni rahisi. Kompyuta kumi zinaletwa, utepe unakatwa, picha zinapigwa, dua inasomwa, watu wanaenda nyumbani wamefurahi. Rudi baada ya miezi sita. Mlango una kufuli na mwenye ufunguo hajulikani. Stima imekatwa kwa sababu hakuna aliyepangiwa kuilipa. Na yule mama aliyetaka kujisajili SHA bado anamlipa kijana wa saiba amfanyie, na nambari yake ya siri imeandikwa kwenye daftari la saiba pamoja na za watu wengine arobaini.

Msimamo wetu ni huu. Tuache kuomba vifaa. Tudai mwalimu anayelipwa mshahara, saa za kufungua zinazowafaa wachumaji wa chai, na pesa za kuendesha kituo mwaka mzima. Tuyadai kwa maandishi, kwa tarehe ambazo sheria imeweka, tukiwa pamoja na majirani zetu wasio Waislamu.

Kwanza tukumbushane kwa nini hili si jambo la anasa. Tarehe 30 Juni 2023 serikali ilizindua Gava Mkononi, huduma zaidi ya 5,000 zikiwa tayari kwenye eCitizen. Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikafa, SHA ikaanza. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha tabia njema, pasipoti, PIN ya KRA, ombi la ufadhili wa chuo: yote sasa yanapitia mtandaoni. Ni vizuri, hatubishi. Kuna watu walikuwa wanapanda matatu mara tatu kufuata karatasi moja. Lakini sensa ya 2019 ilipohesabu Wakenya wenye miaka 3 kwenda juu, waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6 tu, na waliotumia kompyuta asilimia 10.4. Miaka imepita na hali imesonga, lakini yeyote anayeishi Mogogosiek au Kapsoit anajua hatujafika mahali ambapo kila mama ana simu ya kugusa na anajua kuitumia. Wengi wana kabambe. SHA yenyewe unaweza kujisajili kwa *147#, hata kwa kabambe. Ni wangapi wameelezwa? Na baada ya kujisajili yako maswali ya kupima kipato, ambayo mtu asipoyaelewa anapangiwa malipo asiyoyaelewa pia.

Saiba si adui, tusikosee hapo. Vijana wengi wa saiba ni ndugu zetu, wanatafuta riziki halali, na bila wao nusu ya mji ingekuwa haina PIN ya KRA. Shida ni kwamba tumewageuza kuwa ofisi ya serikali bila kiapo na bila sheria. Mtu anafungua akaunti ya eCitizen kwa barua pepe ya saiba, saiba inahama au inafungwa, na akaunti inapotea nayo. Dada anataka kubadilisha nambari ya simu kwenye akaunti yake mwenyewe, anaambiwa atafute yule kijana aliyemfungulia mwaka juzi. Hapo ndipo mtu anakuwa mgeni kwenye jina lake mwenyewe.

Na kuna hatari ambayo inatugusa sisi Waislamu moja kwa moja, ya kazi za Ghuba. Ujumbe unaingia WhatsApp: kazi Riyadh, kazi Doha, mshahara mzuri, tuma picha ya kitambulisho na pesa ya "fomu". Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, ina orodha ya mawakala waliosajiliwa kwenye tovuti yake. Kuikagua hakuchukui dakika kumi. Dakika hizo kumi ndizo zinazoamua kama binti wa watu atasafiri kwa mkataba au atauzwa. Ukituuliza elimu ya kidijitali ni nini, hatutakuambia ni kujua Excel. Ni kujua kukagua orodha ile kabla ya kutuma pesa.

Tusidanganyane pia kwa upande wa pili. Mei 2023 waandamanaji Kericho walichoma mashine za kuchuma chai, kwa sababu mashine moja inafanya kazi ya mikono mingi na watu wanabaki bila kilo za kupima. Tangu wakati huo jibu la kila kiongozi kwa kijana aliyepoteza kazi shambani ni "ingia digital". Ajira mtandaoni, ati. Zipo, ndiyo, na wengine wanakula kupitia hizo. Lakini hata huko kuna mabwana na kuna vibarua: waliokuwa wakichuja video na picha za Facebook jijini Nairobi wamefika mahakamani kudai haki zao, na kesi ya kwanza ilifunguliwa Mei 2022. Kwa hivyo mheshimiwa akisimama jukwaani kusema mafunzo ya kompyuta yatachukua nafasi ya mashamba ya chai, mpigie makofi ya adabu kisha muulize hesabu. Sisi tunadai elimu hii kwa sababu bila hiyo mtu hafikii haki yake. Kama italeta kazi pia, alhamdulillahi.

Haki gani? Waulize Wanubi. Serikali ilipoleta Huduma Namba mwaka 2019, Nubian Rights Forum walikwenda Mahakama Kuu pamoja na Tume ya Haki za Binadamu ya Kitaifa na ile ya wananchi, KHRC. Watu ambao kwa miaka mingi walipigwa msasa kabla ya kupewa kitambulisho waliona mapema kwamba mfumo mmoja wa kidijitali ungewaacha nje kwa kubonyeza kitufe kimoja. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu walikataza kukusanya DNA na mahali watu wanapoishi kwa GPS, na wakasema mpango usiendelee mpaka kuwe na kanuni kamili za kuulinda. Oktoba 2021 mahakama ikazuia tena kadi zenyewe, kwa sababu serikali haikufanya tathmini inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Watu wa kwanza kufungua ile kesi walikuwa jamii ndogo, wengi wao Waislamu wa Kibra. Hawakuwa mainjinia. Walikuwa wanaelewa data ni nini na nani anaishika.

Linganisha na Agosti 2023, Wakenya walipopanga foleni kupigwa picha ya mboni ya jicho na Worldcoin kwa ahadi ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha zoezi, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ifutwe. Waliopanga foleni hawakuwa wajinga. Walikuwa na njaa, na hakuna aliyekuwa amewaambia jicho haliwezi kubadilishwa kama neno la siri.

Sasa, tugonge mlango gani? Hapa ndipo vijana wetu wengi wanapoteza nguvu. Unakuta kikundi kimemwandikia MCA barua ya kurasa tatu kuhusu mtandao mbovu. MCA hana mlingoti. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi: mawasiliano ya simu ni ya serikali ya kitaifa, shule za msingi na sekondari pia. Vyuo vya ufundi vya vijijini ni vya kaunti. Maktaba ni za kaunti. Kwa hivyo mwalimu wa elimu ya kidijitali ndani ya chuo cha ufundi au maktaba ni jambo la gavana na bunge la kaunti, na MCA wako hawezi kukuambia si kazi yake. Kuhusu mlingoti na mtandao, nenda kwa mbunge, umuulize kuhusu Hazina ya Huduma kwa Wote iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kampuni za simu zinachangia hazina hiyo kutoka mapato yao ili sehemu zisizo na faida zifikiwe. Mbunge pia ana NG-CDF, ingawa Septemba 2024 Mahakama Kuu iliona sheria yake ni kinyume cha Katiba, na kila mbunge unayemkuta siku hizi ana maoni makali kuhusu hilo. Na ile ahadi ya kitaifa ya kituo cha kidijitali katika kila wadi, wadi zote 1,450 za Kenya? Zetu ni 55: Kericho 30, Bomet 25. Hesabu ni rahisi. Ngapi zimefunguliwa, ngapi zina mwalimu, ngapi zina kufuli?

Usiulize swali hilo Facebook. Liulize kwa barua. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, huhitaji kueleza sababu, hulipi kuwasilisha ombi, na ofisi ina siku 21 kukujibu. Wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, Ombudsman. Barua moja ya ukurasa mmoja yenye muhuri wa kupokelewa ina uzito kuliko posti mia moja, pamoja na hii unayoisoma.

Halafu kuna kalenda. Kila mwaka, kufikia 1 Septemba, kaunti inapeleka bungeni Mpango wa Maendeleo wa Mwaka. Kufikia 28 Februari, Waraka wa Mkakati wa Fedha. Kufikia 30 Aprili, makadirio ya bajeti, na kufikia mwisho wa Juni yawe yamepitishwa. Watu wengi huamka Juni, wakati bajeti inasomwa kwa redio. Juni chakula kiko mezani tayari, umekuja kuomba kibadilishwe. Jambo ambalo halimo kwenye ule mpango wa Septemba ni vigumu kulipatia pesa Aprili. Kwa hivyo maandishi yetu yafike Julai na Agosti. Na mpango wa miaka mitano wa kaunti, CIDP ya 2023 hadi 2027, unaisha pamoja na muhula huu. Ule wa 2028 hadi 2032 utaandikwa na watakaochaguliwa Agosti 2027. Wagombea wameanza kuzunguka, mnawaona. Huu ndio wakati wa kuwawekea karatasi mkononi.

Karatasi yenyewe iwe na hesabu. Tuchukue mfano tu: mwalimu mmoja kwa kila wadi, mshahara wa shilingi 30,000 kwa mwezi. Hiyo ni 360,000 kwa mwaka. Kwa wadi zote 30 za Kericho ni shilingi 10,800,000, kwa wadi 25 za Bomet ni 9,000,000. Ongeza stima na intaneti. Weka takwimu hiyo kando ya bajeti ya safari na viburudisho ya kaunti yako, kisha uone nani atasema pesa hakuna. Ukienda na "tunaomba mtukumbuke", utakumbukwa kwenye maombi. Ukienda na 10,800,000, afisa wa fedha lazima ajibu kwa nambari.

Kipengele ambacho hatutakiachilia ni saa. Mchumaji anatoka nyumbani kabla jua halijapanda na anamaliza kupima majani alasiri. Kituo kinachofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja, Jumatatu hadi Ijumaa, kimejengwa kwa ajili ya watu wasiofanya kazi. Ndivyo ilivyo pia kwa vikao vya umma. Mwaka uliopita tulihudhuria kikao kimoja cha bajeti, Jumatano saa nne asubuhi, tangazo likiwa limetoka gazetini kwa Kiingereza. Ukumbini kulikuwa na maafisa, wazee wachache na soda nyingi. Mheshimiwa mmoja akatuambia kwa ukarimu kabisa kwamba "wananchi hawapendi kushiriki." Wananchi walikuwa shambani! Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataja majukwaa ya teknolojia kati ya njia za kuwashirikisha watu. Basi tangazo litoke kwa SMS, lisomwe Kass FM na Chamgei FM kwa Kikalenjin, na kikao kiwe Jumamosi alasiri. Pesa za kufanya hivyo ni kidogo mno.

Wengine watasema haya ni maneno ya vitabuni, wanasiasa wetu hawasikii. Wanasikia, ila wanasikia kitu ambacho hawawezi kukikwepa. MUHURI, ndugu zetu wa Mombasa walioanza 1997, walifundisha wakazi wa kawaida huko Changamwe na Likoni kusoma rekodi za CDF, wakatembelea mradi mmoja baada ya mwingine na kulinganisha kilichoandikwa na kilichojengwa, kisha wakasoma matokeo hadharani mbele ya wahusika. Akina mama na vijana, wakiwa na mafaili mkononi. Juni 2024 kizazi chenu kilisambaza nambari za simu za wabunge, simu zikaita mchana na usiku, na tarehe 26 Juni Rais akasema hatatia saini Mswada wa Fedha. Kwa hivyo nguvu ipo. Tofauti ni kwamba bajeti ya wadi haiendi na msisimko wa wiki mbili. Inataka mtu wa kukaa na jambo moja kuanzia Julai mpaka Juni, na huyo mtu ni adimu kuliko mtu wa kuandamana.

Teknolojia ya jamii nayo haihitaji kuwa kubwa. Jirani zetu wa Nakuru walikuwa na chifu, marehemu Francis Kariuki wa Lanet Umoja, aliyejulikana dunia nzima mwaka 2012. Alipigiwa simu saa kumi alfajiri kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu, akatuma ujumbe Twitter, majirani wakatoka, wezi wakakimbia. Watu wake wengi walikuwa wakipokea ujumbe huo kama SMS kwenye simu za bei ya chini. Kibra wana TunapandaNET, mtandao wa intaneti unaoendeshwa na jamii yenyewe, na tangu 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ina utaratibu wa leseni kwa mitandao ya namna hiyo. Kwa nini Konoin au Bureti wasiwe nao? Kwa vilima vyetu, ukiweka antena juu ya kilima kimoja unaona kambi kadhaa za chai chini yake.

Kuna mjadala umekuwa ukiendelea kati yetu: kituo kiwe msikitini? Nia ni njema, na madrasa ikifungua darasa la simu kwa akina mama baada ya Asr tutaliunga mkono. Lakini kile tunachokidai kwa pesa ya kaunti kiwe chuoni au maktabani, mahali ambapo mama wa AIC na mama wa Kikatoliki ataingia bila kujiuliza kama anaruhusiwa. Sisi ni wachache hapa. Wasomali wa madukani, Wanubi, Waluhya waliokuja na kazi ya chai, Wakipsigis waliosilimu, tukijihesabu sote hatujazi uwanja. Tukienda kama Waislamu wanaoomba chao, tutapewa mbuzi wa Idd. Tukienda na chama cha akina mama wachumaji, na kijana wa boda, na mchungaji wa jirani akiwa ametia saini ukurasa ule ule, hilo ni ombi la wadi. Na jirani ana haki kwetu, hilo hatuhitaji kufundishwa na mheshimiwa.

Kwa hayo, tuna ombi pia kwa viongozi wa misikiti. Ramadhani inapofika, wanasiasa wanakuja na tende na mchele, wanapewa kipaza sauti. Chukueni tende, jazakumullahu khayran. Kabla ya kipaza sauti, mpeni karatasi ile mbele ya jamaa, na aseme hapo hapo ataifikisha lini.

Kazi ya mwezi huu ni ndogo. Tunatafuta watu wawili kwa kila wadi, mmoja wao awe dada. Mtaenda kwenye chuo cha ufundi au kituo cha kidijitali kilicho karibu na kuandika mambo manne: kiko wazi siku gani na saa ngapi, nani anafundisha na analipwa na nani, intaneti inafanya kazi, na kuna watu wangapi ndani siku mliyofika. Msichukue majina wala picha za watu. Tumeandaa nakala ya barua ya kuomba taarifa kwa Kiswahili, na dada mmoja wa Litein anaitafsiri kwa Kikipsigis ili isomwe kwenye vikundi vya akina mama. Anayejitolea atuandikie jina la wadi tu, tutawasiliana naye faraghani. Mpaka tunaandika haya, Soin/Sigowet na Chepalungu hatujapata mtu hata mmoja.